Namna ya Kubaini Ujenzi Uliofanywa Bila Kibali Kabla ya Kununua Nyumba

Hati miliki inaieleza ardhi. Haiielezi nyumba iliyosimama juu yake. Mtu anayenunua nyumba Dar es Salaam, Arusha, Mwanza au Dodoma kwa kawaida hufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, akathibitisha jina la muuzaji, akaona kwamba kiwanja hakina rehani wala zuio la mahakama, kisha akalipa akiamini kuwa uchunguzi umekwisha. Kumbe amechunguza nusu tu. Kiwanja kinaweza kuwa na hati safi kabisa huku vyumba vitatu vya nyuma, fremu za maduka zilizopangwa barabarani na ghorofa ya juu vyote vikiwa vimejengwa bila mamlaka yoyote kuviidhinisha.

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inakataza mtu kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji, na kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri ya jiji, manispaa au mji ambamo kiwanja kipo. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitilii maanani ni kwamba amri ya kubomoa au ya kurekebisha hulifuata jengo popote linapokwenda mikononi mwa watu. Muuzaji akishapokea fedha zake na kuhamia kwingine, barua ya halmashauri itabandikwa kwenye lango lako. Mwongozo huu unahusu Tanzania Bara, na mifano yake mingi ni ya Dar es Salaam kwa sababu huko ndiko biashara ya nyumba zilizokwisha kujengwa iliko kubwa na ndiko bomoabomoa zilizojulikana zaidi zilikotokea.

Hatua ya kwanza: Jua ardhi yenyewe inaruhusu nini

Kabla ya kuuliza kama nyumba ina kibali, uliza kama mahali ilipo pangeweza kupata kibali. Maswali haya mawili ni tofauti, na la pili ndilo zito. Nyumba isiyo na kibali iliyo katika kiwanja cha makazi kilichopimwa inaweza kuhalalishwa. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara haihalalishiki hata ukiwa na fedha za kutosha na wakili hodari.

Anza na hati au barua ya toleo, ambayo watu huiita ofa. Soma masharti yake yote, hasa matumizi yaliyoruhusiwa. Kiwanja kilichotolewa kwa makazi hakimpi mwenyewe ruhusa ya kuendesha nyumba ya wageni, baa, shule ya awali au ghala, na ukinunua jengo linalotumika hivyo bila badiliko la matumizi kuidhinishwa, unanunua pia mgogoro huo. Kisha omba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo, ambao maofisa na madalali huuita kwa kifupi TP, pamoja na ramani ya upimaji. Mchoro huo unaonyesha barabara zilizopangwa, maeneo ya wazi, viwanja vya huduma na njia za maji. Ni jambo la kawaida kukuta nyumba nzuri imesimama juu ya kile ambacho kwenye mchoro ni uwanja wa michezo wa watoto au barabara ya mita kadhaa ambayo haijawahi kuchongwa.

Barabara zinahitaji uangalifu wa peke yake. Kabla ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu kwa kawaida ilihesabiwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Baada yake ikawa mita 30. Kwa sababu hiyo Wakala wa Barabara (TANROADS) ilipopita ikiweka alama za X kwenye nyumba za kuondolewa, nyumba zilizokuwa ndani ya eneo la zamani ziliwekewa X nyekundu, na zile zilizoingizwa na nyongeza ya mwaka 2007 zikawekewa X ya kijani kwa kuwa wenyewe walistahili fidia. Lakini usichukulie kwamba mita 30 ndizo kila mahali. Kwenye Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi sana zilibomolewa huko, zikiwemo za watu walioishi hapo miaka mingi wakiwa na umeme na maji ya bomba. Kwa barabara kuu na za mikoa, uliza ofisi ya TANROADS ya mkoa. Kwa barabara za wilaya na za mitaa, uliza TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Omba jibu la maandishi.

Maji nayo yana sheria yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, kingo za mto na bwawa. Wakazi wa Bonde la Msimbazi waliyaona matokeo yake Desemba 2015, nyumba za mabondeni zilipoanza kubomolewa. Ukionyeshwa nyumba ya bei nafuu karibu na mto Msimbazi, Mlalakuwa, Mbezi au Tegeta, au kiwanja cha ufukweni ambacho ukuta wake unalambwa na maji kujaa, chukua futi ya kupimia kabla hujachukua kalamu. Angalia pia nyaya za umeme mkubwa zinazopita juu, kwa kuwa njia ya TANESCO nayo haijengwi chini yake.

Hatua ya pili: Mwombe muuzaji nyaraka za jengo

Ombi hili lifanywe mapema, kabla ya kuzungumza bei ya mwisho, kwa sababu muuzaji aliyekwisha kushikana mkono na mnunuzi huona kila swali jipya kuwa ni njama ya kupunguza bei. Nyaraka unazozitaka ni kibali cha ujenzi chenyewe, michoro iliyopigwa mhuri na halmashauri, risiti za malipo ya kibali, kumbukumbu za ukaguzi wakati wa ujenzi, na cheti kinachoonyesha kwamba jengo lilikamilika na kuruhusiwa kutumika. Kwa jengo la ghorofa ongeza michoro ya mhandisi inayoonyesha msingi, nguzo, mihimili na nondo. Kama nyumba ilijengwa kwa awamu, kila awamu iliyoongeza ukubwa wa jengo inapaswa kuwa na idhini yake.

Michoro ndiyo muhimu kuliko vyote. Karatasi ya kibali peke yake inakwambia kwamba fulani aliruhusiwa kujenga nyumba ya makazi katika kiwanja fulani. Michoro yenye mhuri ndiyo inayokwambia nyumba ipi. Hakikisha namba ya kiwanja na kitalu kwenye michoro inafanana na ya hati, idadi ya ghorofa imetajwa, tarehe inaeleweka, na mhuri uko kwenye kila karatasi, si kwenye ukurasa wa kwanza tu. Angalia pia muda wa kibali, kwa sababu kibali kina ukomo, na jengo lililoanzwa baada ya muda huo kwisha halikulindwa nacho.

Utasikia majibu ya aina nyingi. Kwamba nyaraka zilipotea wakati wa kuhama, kwamba marehemu baba ndiye aliyekuwa anazijua, kwamba mtaa mzima hakuna mwenye kibali na hakuna aliyewahi kuulizwa. Majibu hayo yanaweza kuwa ya kweli, na hilo la mwisho mara nyingi ni kweli tupu. Lakini ukweli wake haukusaidii siku mkaguzi atakapokuja, hivyo pokea maelezo kwa adabu na uendelee na hatua inayofuata.

Kuna vitu vinavyotolewa kana kwamba ni uthibitisho wa uhalali wa jengo ilhali sivyo. Mita ya LUKU na bili ya maji zinathibitisha kwamba huduma ilifikishwa, basi. Kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa umeme, inathibitisha kwamba Serikali inajua kuna jengo lenye mita. Haijasema kwamba jengo hilo lilijengwa kwa idhini. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa inamtambulisha muuzaji kuwa mkazi na mwenye nyumba machoni pa majirani, na hilo lina thamani yake, ila mwenyekiti hana mamlaka ya kutoa kibali cha ujenzi. Jirani kuwa amejenga vivyo hivyo na hajabomolewa si uthibitisho wa kitu chochote.

Hatua ya tatu: Thibitisha halmashauri

Nenda, au mtume wakili wako, katika halmashauri husika. Kwa Dar es Salaam uhakikishe kwanza ni ipi, kwa kuwa mipaka imebadilika: iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Jiji la Dar es Salaam tangu mwaka 2021, na nyingine ni Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Manispaa za Ubungo na Kigamboni ni changa zaidi, hivyo jalada la nyumba ya zamani ya Mbezi au Kibamba linaweza kuwa bado limo katika kumbukumbu za Kinondoni, na la Kigamboni katika za Temeke. Muuzaji asije akakwambia kwamba jalada halipo kumbe limetafutwa ofisi isiyo yake.

Peleka barua yenye namba ya kiwanja, kitalu na eneo, iambatane na ridhaa ya maandishi ya muuzaji na nakala za nyaraka alizokupa. Uliza mambo manne bila kuzunguka. Je, kibali chenye namba hii kilitolewa kweli kwa kiwanja hiki? Je, michoro hii ndiyo iliyoidhinishwa? Je, kuna notisi yoyote ya kusimamisha ujenzi, kurekebisha au kubomoa iliyowahi kutolewa? Je, kuna shauri lolote kati ya halmashauri na mmiliki? Swali la tatu husahauliwa sana, na ndilo lenye majibu ya kushtua. Notisi inaweza kuwa ya miaka mingi nyuma, ikalala ndani ya jalada bila utekelezaji, lakini kulala kwake si kufutwa.

Ongea pia na mkaguzi wa majengo wa kata hiyo na ofisi ya mtendaji wa kata. Hao ndio wanaojua nyumba ipi iliandikwa maneno SIMAMISHA UJENZI au BOMOA kwa rangi nyekundu na baadaye ikapakwa upya. Kama ukuta wa mbele una kipande kimoja chenye rangi mpya kuliko sehemu nyingine, uliza waziwazi palikuwa na nini.

Hatua ya nne: Ikague nyumba ukiwa na michoro mkononi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Chukua nakala ya michoro, futi ya mkanda, tochi na mtu mmoja wa kushika upande wa pili wa futi, kisha pita chumba kwa chumba ukilinganisha kilichochorwa na kilichopo. Usipite kwa mpangilio anaoutaka dalali. Anza nje, kwenye mipaka ya kiwanja, umalizie juu ya paa.

Nje, tafuta bikoni za mpaka. Zikiwa hazionekani, mpima ardhi aliyesajiliwa azitafute kwa kutumia ramani ya upimaji, kwa sababu ukuta wa uzio si ushahidi wa mpaka; mara nyingi umesogezwa nusu mita au zaidi kuelekea barabarani ili kiwanja kionekane kikubwa. Pima umbali kutoka kuta za nyumba hadi kwenye mipaka ya pande zote na ulinganishe na ule uliooneshwa kwenye michoro. Banda la uani lililoegemezwa kwenye ukuta wa jirani, madirisha yanayofunguka moja kwa moja juu ya uwanja wake, na bati linalomwagia maji ya mvua ni makosa yanayozaa kesi hata kama halmashauri haijasema neno. Fremu za maduka ndizo zinazoongoza. Karibu kila mtaa wa mjini una nyumba ambayo uzio wake wa mbele uligeuzwa kuwa fremu tatu au nne, na muuzaji huzihesabu kodi zake katika bei anayokutajia. Kama fremu hizo hazimo kwenye michoro, au zimeingia kwenye hifadhi ya barabara, usilipie hata shilingi moja kwa ajili ya mapato yake, maana siku barabara itakapopanuliwa ndizo zitakazotangulia kuvunjwa.

Tafuta shimo la maji taka lilipo. Mara nyingi vyumba vya nyongeza vimejengwa juu yake, au shimo jipya limechimbwa nje ya uzio kwenye njia ya umma. Kama kuna kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, uliza kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde. Kwa Dar es Salaam ni ya Bonde la Wami/Ruvu.

Ndani, nyongeza hujisaliti kwa dalili ambazo mtu yeyote makini anaweza kuziona. Sakafu inapanda au kushuka kidogo unapovuka mlango. Dirisha lenye nondo linatazama ukumbini au jikoni badala ya nje, maana ukuta huo zamani ulikuwa wa nje. Kuna ufa uliosimama wima, ulionyooka, pale ukuta mpya ulipokutana na wa zamani bila kufungwa pamoja. Plasta ni ya aina mbili, milango ina vipimo tofauti, na unene wa kuta haulingani. Juu ya dari, ukimulika tochi, utaona mbao za rangi mbili na kenchi zilizoungwa. Nje, bati za rangi mbili na mfereji kati ya mapaa mawili ambao kila masika huvuja. Veranda iliyozibwa ikawa chumba ni kosa dogo machoni pa wengi, lakini kwenye michoro ni chumba kisichokuwepo, na mara nyingi hakina linta, yaani mkanda wa zege, iliyopita juu ya kuta zake.

Nyumba ya ghorofa ni jambo jingine kabisa. Nondo zinazochomoza juu ya paa la zege humaanisha kwamba mwenyewe alikusudia kuongeza ghorofa, na dalali atakuuzia ndoto hiyo. Swali ni kama msingi ulisanifiwa kubeba ghorofa hiyo, na jibu limo kwenye michoro ya mhandisi, si kwenye nondo. Na kama ghorofa tayari zimezidi zile zilizoidhinishwa, sitakushauri kutafuta namna ya kupunguziwa bei; achana na jengo hilo mpaka mhandisi atoe ripoti. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30, na iliripotiwa kuwa ghorofa zake zilizidi zilizokuwa kwenye kibali. Novemba 2024 jengo la Kariakoo lililokuwa likitumika, lenye maduka na wafanyabiashara ndani, nalo likaporomoka na kuua. Kwa hiyo angalia kama nguzo yoyote imechongwa, kama ukuta unaobeba mzigo umetobolewa ili kupanua duka, na kama chini ya jengo kumechimbwa stoo ambayo haikuchorwa.

Hatua ya tano: Walipe wataalamu wako mwenyewe

Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi atakagua uimara. Mbunifu majengo aliyesajiliwa atalinganisha jengo na michoro na, ikilazimu, atachora michoro ya jengo lilivyo sasa. Mkadiriaji majenzi atakwambia gharama ya kubomoa au kurekebisha. Kwa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa mtaalamu mmoja mzoefu na mpima ardhi mara nyingi wanatosha. Kwa ghorofa mhandisi ni lazima, naye anaweza kupima ugumu wa zege kwa nyundo maalumu na, pale penye mashaka, kukata vipande vya zege vya kupelekwa maabara. Usimtumie mtaalamu aliyeletwa na muuzaji au dalali, na usiitegemee ripoti ya mthamini iliyoandaliwa kwa ajili ya mkopo wa benki, kwa kuwa mthamini anakadiria thamani ya mali sokoni na hakuajiriwa kuthibitisha kwamba kila ukuta una kibali.

Hatua ya sita: Tenganisha makosa yanayorekebishika na yasiyorekebishika

Ukishapata ripoti, usiziweke dosari zote kwenye kapu moja. Yapo makosa ya karatasi: nyumba ni imara, iko ndani ya mipaka, inafuata matumizi ya kiwanja, ila mwenyewe hakuomba kibali au aliongeza chumba bila kurudi halmashauri. Haya kwa kawaida yana njia. Mmiliki huwasilisha michoro ya jengo lilivyo, ripoti ya mhandisi inapohitajika, hulipa ada na faini atakayotozwa, na halmashauri huamua. Neno la kuzingatia ni kwamba halmashauri huamua. Hakuna mtu mwenye uwezo wa kukuhakikishia uamuzi huo kabla haujatolewa, hata akiwa na binamu yake ndani ya ofisi.

Yapo makosa yanayohitaji sehemu ya jengo kuondolewa: fremu za mbele, banda lililovuka mpaka, shimo lililo nje ya uzio. Hayo yana bei inayoweza kukadiriwa, na bei hiyo ndiyo ya kukatwa kwenye bei ya nyumba, pamoja na mapato yatakayopotea. Na yapo yasiyo na dawa: kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ndani ya mita 60 za mto au ufukwe, juu ya eneo la wazi, au kuwa na ghorofa ambazo msingi hauwezi kuzibeba. Kwa haya punguzo lolote ni mtego, kwa sababu unachopunguziwa ni bei ya kitu ambacho huenda kesho hakipo.

Maeneo yasiyopimwa

Ushauri wote huu unadhania kiwanja kimepimwa, na sehemu kubwa ya nyumba za Dar es Salaam haziko hivyo. Ukinunua Manzese, Tandale, Buguruni au sehemu nyingi za Mbagala, kuuliza kibali cha ujenzi kutawachekesha wengi. Huko uliza maswali mengine. Je, muuzaji ana leseni ya makazi, yaani hati ya umiliki ya muda mfupi, na muda wake haujakwisha? Je, mtaa umeingia katika urasimishaji, yaani kupangwa, kupimwa na kumilikishwa kwa makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpangilio? Kama umeingia, tafuta mchoro wa urasimishaji uliokubaliwa na wananchi na kuidhinishwa, na uangalie kama barabara mpya au upanuzi wa uchochoro unapita kwenye kona ya nyumba, kwenye choo au sebuleni. Wenyeji hukubaliana kuacha nafasi kwa ajili ya njia, na aliyekubali kwa saini mwaka juzi anaweza kuwa ndiye anayekuuzia leo bila kukutajia. Kamati ya urasimishaji ya mtaa na afisa mipango miji wanayo majibu. Urasimishaji unapokamilika, masharti ya ujenzi yataanza kukuhusu kama mwenye kiwanja kingine chochote.

Wanaonunua sehemu ya jengo

Kwa anayenunua fleti chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo Na. 16 ya mwaka 2008, kibali kinachohusika ni cha jengo zima. Hesabu ghorofa na ulinganishe na kibali, ukague kama maegesho ya chini yamegeuzwa kuwa maduka, na ujue kama mwenye fleti aliondoa ukuta wa ndani bila ridhaa ya umoja wa wamiliki. Omba pia taarifa ya ukaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ngazi ya dharura iliyofungwa kwa kufuli au kujazwa makasha ni jibu tosha kuhusu jinsi jengo linavyosimamiwa.

Hatua ya saba: Andika makubaliano kwenye mkataba

Ukiamua kununua nyumba yenye makosa yanayorekebishika, kila mlichozungumza kiingie kwenye mkataba wa mauziano unaoandaliwa na wakili, si kwenye karatasi ya dalali. Mkataba utaje kwa majina sehemu zisizo na kibali, ueleze nani ataomba kuhalalisha, kwa gharama ya nani na ndani ya muda gani, na useme fedha zitakuwaje halmashauri ikikataa. Njia iliyo salama ni kuifanya idhini ya halmashauri kuwa sharti la kukamilisha mauzo. Pale ambapo muuzaji hawezi kusubiri, sehemu ya bei, isiyopungua gharama ya kuhalalisha au kubomoa, ibaki kwa wakili hadi kazi ikamilike. Muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba hajapokea notisi yoyote, na akubali kubeba gharama ya notisi itakayotokana na ujenzi wa kabla ya tarehe ya kukabidhi.

Uthibitisho huo wa maandishi una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba, lakini kama udanganyifu ulikuwa wa kunyamaza tu, na mnunuzi angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, haki hiyo inaweza kumponyoka. Mwenye nyumba aliyenyamaza kuhusu fremu zilizo barabarani atasema mahakamani kwamba fremu zilionekana na kila mpita njia. Aliyetia saini kwamba fremu zina kibali hana pa kujificha.

Hatua ya nane: Baada ya kukabidhiwa

Chukua nyaraka zote za jengo pamoja na hati, zikiwa halisi, na uiandikie halmashauri kuitaarifu kwamba umiliki umebadilika ili notisi zikufikie wewe. Anza mara moja kazi ya kuhalalisha uliyojitwisha, kwa sababu kila mwezi unaopita makosa yanakuwa yako zaidi machoni pa mkaguzi. Usipake rangi, usiongeze chumba wala usiinue ukuta katika sehemu isiyo na kibali kabla ya uamuzi kutoka. Ujenzi mpya juu ya kosa la zamani humpa mkaguzi sababu ya kulichukulia jengo zima kuwa ni ukaidi.

Ikitokea ukapokea notisi hata hivyo, isome tarehe kwanza. Notisi hutaja kosa, sheria iliyotumika na siku ulizopewa, na siku hizo huanza kuhesabiwa ilipokufikia au ilipobandikwa. Jibu kwa maandishi ndani ya muda huo, uambatanishe ulichonacho, uombe kikao na mhandisi au afisa mipango miji, na upate mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako ya barua. Wakati huohuo mpe wakili wako nakala, ili kama kuna haja ya kukata rufaa au kuomba zuio, ombi lifike kabla ya greda.